Neno Moja au Maneno Mawili? Historia ya Nomino Ambatani za Kinorwei na Mgawanyo Wake

UTANGULIZI

Mtu anayeunda istilahi hukabiliwa na maswali mawili. La kwanza ni: dhana hii tuiite nini? La pili ni: jina hilo tuliandikeje? Swali la kwanza hujadiliwa katika vikao virefu na huwa na watetezi na wapinzani. La pili mara nyingi huachiwa mpiga chapa aamue apendavyo, na matokeo yake tunayaona kila siku katika magazeti, vitabu vya shule na matangazo ya serikali.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi Norwei, taifa dogo la Ulaya ya Kaskazini, lilivyolazimika kuyajibu maswali hayo yote mawili kwa pamoja. Tumeichagua Norwei kwa sababu mbili. Kwanza, Kinorwei, kama zilivyo lugha nyingine za jamii ya Kijerumani, huunda maneno mapya hasa kwa kuunganisha maneno yaliyokwisha kuwapo. Pili, Wanorwei waliijenga upya lugha yao ya maandishi hadharani, kwa kamusi, kwa kura za Bunge na kwa kanuni za tahajia. Kazi ya namna hiyo si ngeni kwetu.

Hoja yetu ni kwamba namna ya kuliunganisha neno, na namna ya kulikata linapofika mwisho wa mstari, ni sehemu ya maana ya neno hilo. Anayeunda neno bila kuamua mambo hayo ameimaliza nusu tu ya kazi yake.

HISTORIA KWA UFUPI

Mwaka 1380 Norwei iliungana na Denmark chini ya mfalme mmoja, na muungano huo ulidumu hadi mwaka 1814. Katika muda huo maandishi ya Kinorwei cha kale yalififia. Kuanzia karne ya 16 sheria, Biblia na barua za serikali ziliandikwa kwa Kidenmaki. Watu wa mabondeni na wa pwani waliendelea kusema lahaja zao kama kawaida, lakini aliyetaka kuandika alipaswa kuandika lugha ya Copenhagen. Mwaka 1814 Norwei ilipata katiba yake, kisha ikaingia katika muungano mwingine, safari hii na Uswidi, ambao ulivunjika mwaka 1905. Hivyo kwa muda mrefu taifa hilo lilikuwa na katiba yake lenyewe, lakini halikuwa na lugha ya maandishi ambayo liliweza kuiita yake bila kusita.

Wataalamu wawili walishika njia mbili tofauti za kuondoa upungufu huo. Knud Knudsen (1812–1895), aliyekuwa mwalimu, alitaka Kidenmaki kilichoandikwa kibadilishwe hatua kwa hatua mpaka kifanane na usemi wa Wanorwei waliosoma. Mwaka 1881 alikamilisha kitabu kikubwa, *Unorsk og norsk*, ambamo alipendekeza maneno ya Kinorwei ya kuchukua nafasi ya yale ya kigeni. Ivar Aasen (1813–1896), mtoto wa mkulima mdogo wa magharibi ya nchi, alianza mwaka 1842 kusafiri kutoka wilaya hata wilaya akikusanya lahaja. Alitoa sarufi mwaka 1848 na kamusi mwaka 1850, na kutokana na lahaja hizo akajenga lugha ya maandishi iliyo mpya kabisa.

Aasen aliyakataa maneno mengi yaliyokuja na viambishi vya Kijerumani kupitia Kidenmaki, hasa yale yenye viambishi awali an- na be- na viambishi tamati -heit na -else. Uamuzi huo ulikuwa na gharama, kwa kuwa mengi ya maneno hayo yalikuwa nomino za dhana, ndiyo maneno ambayo mwanasheria, mwalimu na mtawala huyahitaji kila siku. Pengo hilo lilibidi lijazwe kwa mali ya nyumbani, na njia mojawapo iliyokuwa karibu ilikuwa kuunganisha maneno.

Majina ya lugha hizo mbili yenyewe ni nomino ambatani, na historia yake ni somo. Lugha iliyotokana na Kidenmaki iliitwa *riksmål*, yaani "lugha ya dola" (*rike*, dola, *mål*, lugha). Lugha ya Aasen iliitwa *landsmål*. Lakini neno *land* katika Kinorwei lina maana mbili: nchi nzima, na pia mashamba kwa kulinganisha na mji. Aasen alikusudia "lugha ya nchi nzima". Wengi wa mjini walisikia "lugha ya mashamba". Bunge lilizipa lugha hizo hadhi sawa mwaka 1885, lakini utata wa jina haukwisha kwa azimio hilo. Mwaka 1929 Bunge likayabadili majina yote mawili: *riksmål* ikawa *bokmål*, "lugha ya vitabu", na *landsmål* ikawa *nynorsk*, "Kinorwei kipya". Majina hayo ndiyo yanayotumika hadi leo.

Baada ya hapo yalifuata marekebisho ya tahajia na vyombo vya kuyasimamia. Marekebisho ya mwaka 1907 yaliyatoa katika maandishi matamshi ya Kidenmaki, hata *bog*, "kitabu", ikawa *bok*, na *boghandel*, "duka la vitabu", ikawa *bokhandel*. Mengine makubwa yalifanyika mwaka 1917 na 1938. Mwaka huo wa 1938 liliundwa pia baraza la istilahi za kiufundi, lililofanya kazi hadi 2001. Kamati ya lugha ya taifa ilianza mwaka 1952, ikafuatwa na Baraza la Lugha mwaka 1972, na chombo cha sasa, *Språkrådet*, kikachukua nafasi yake mwaka 2005.

JINSI NOMINO ZINAVYOUNGANISHWA

Kanuni ya kwanza ni fupi: kiungo cha mwisho ndicho kichwa. Kiungo hicho huamua jinsia ya neno kisarufi, na ndicho kinachobeba alama ya wingi. Viungo vinavyotangulia hueleza tu. *Barn*, "mtoto", ni neno la jinsia isiyo ya kiume wala ya kike. *Hage*, "bustani", ni la jinsia ya kiume. Yakiunganishwa tunapata *barnehage*, "bustani ya watoto", yaani shule ya watoto wadogo, jina lililofuata mfano wa Kijerumani uliotolewa na Friedrich Fröbel mwaka 1840. Neno zima ni la jinsia ya kiume kwa sababu *hage* ni ya kiume, na wingi wake ni *barnehager*. Kiungo *barne* hakibadiliki kamwe, hata watoto wawe elfu.

Viungo vikibadilishana nafasi, maana hubadilika pia. *Glassvindu* ni dirisha la kioo. *Vindusglass* ni kioo cha dirisha. Kwa hiyo mfasiri wa Kiswahili anapokutana na neno refu la Kinorwei hana budi kuanza kulisoma kutoka mwisho. Tuchukue neno ambalo mtumishi wa serikali angeweza kulikuta katika sheria: *arbeidsløshetstrygd*. Mwisho pana *trygd*, "bima ya umma". Katikati *løshet*, "ukosefu". Mwanzo *arbeid*, "kazi". Tunapata "bima ya ukosefu wa kazi". Mpangilio wa Kiswahili ni ule ule wa Kinorwei uliogeuzwa, kana kwamba umetazamwa katika kioo.

Ugumu ni kwamba Kinorwei hakisemi uhusiano uliopo baina ya viungo. *Olivenolje* ni mafuta yatokanayo na zeituni, lakini *sololje* si mafuta yatokanayo na jua (*sol*). Ni mafuta ya kujipaka mtu anapokaa juani. Umbo ni lile lile, na msomaji huujua uhusiano kwa kuijua dunia. Kiswahili nacho kina kihusishi chake, -a, kinachobeba mizigo mingi. Lakini mfasiri aliye mwangalifu hatatosheka kuandika "mafuta ya jua".

Mpangilio wa viungo uliwahi hata kuwa jambo la Bunge. Hapo zamani Wanorwei, kama Wadenmaki na Wajerumani, walihesabu kwa kutanguliza mamoja: ishirini na tano iliitwa *femogtyve*, "tano na ishirini". Simu zilipoenea, ikaonekana kwamba mtu husikia tarakimu kwa mpangilio mmoja na kuziandika kwa mpangilio mwingine, na makosa yakawa mengi. Mwaka 1951 serikali iliagiza mpangilio mpya, *tjuefem*, utumike katika shule, ofisi na redio. Shule na ofisi zilitii. Nyumbani namna ya kale haikufa, na hata leo husikika.

HERUFI NDOGO ZENYE KAZI KUBWA

Baina ya viungo viwili mara nyingi huingia herufi ndogo, -s- au -e-. Katika maneno mengi herufi hizo ni masalio ya viambishi vya umilikishi vya Kinorwei cha kale, lugha iliyokuwa na miishilio mingi zaidi kuliko ya leo. Miishilio yenyewe imekufa, lakini imebaki katika viungio vya maneno kama misumari iliyobaki ukutani baada ya picha kuondolewa.

Hata hivyo tusidhani kwamba herufi hizo ni pambo. *Landmann* ni neno la zamani kidogo lenye maana ya mkulima, mtu wa shamba. *Landsmann* ni mtu wa nchi moja nawe, mwananchi mwenzako. Kinachowatenganisha ni -s- moja tu. Hapa ndipo tunapoona pia jinsi Aasen alivyokuwa na hoja: jina lake, *landsmål*, lilikuwa na -s- hiyo ya nchi. Lakini wapinzani hawakuisikiliza sarufi.

Kazi nyingine ya -s- ni kuonyesha mahali pa kukatia neno lenye viungo vitatu. *Vinglass* ni bilauri ya mvinyo: *vin* na *glass*, bila herufi ya kati. Lakini bilauri ya mvinyo mwekundu ni *rødvinsglass*. Kwa nini -s- imeingia sasa? Kwa sababu *rødvin*, "mvinyo mwekundu", ni neno ambatani tayari, na -s- inatujulisha kwamba hapo ndipo kiungio kikuu kilipo. Bila ya alama hiyo msomaji angeweza kudhani kwamba bilauri yenyewe ndiyo nyekundu. Vivyo hivyo katika *arbeidsløshetstrygd* -s- ya pili imesimama baada ya kiambishi -het na kuonyesha mlango wa kuingilia kiungo cha mwisho.

MGAWANYO WA NENO MWISHONI MWA MSTARI

Neno likiwa refu, mpiga chapa hana budi kulikata. Katika neno la kawaida Kinorwei hufuata kanuni ya konsonanti moja: konsonanti ya mwisho kabla ya irabu huvuka na kwenda mstari wa pili. *Kaste*, "kutupa", hukatwa *kas-te*. *Komme*, "kuja", hukatwa *kom-me*.

Lakini kanuni hiyo ikitumiwa bila busara katika neno ambatani huleta madhara. Tulirudie neno *vinglass*. Baina ya irabu zake mbili pana konsonanti n, g na l. Tukiivusha ya mwisho tu, tunapata *ving-lass*. Msomaji anayefika mwisho wa mstari atafikiria *vinge*, "ubawa", na mstari wa pili atakuta *lass*, "mzigo wa gari". Mvinyo umekwisha kumwagika. Ndiyo maana kanuni ya pili huitangulia ile ya kwanza: neno ambatani hukatwa penye kiungio, *vin-glass*. Na ile herufi ya kati hubaki na kiungo cha kwanza: *barne-hage*, *arbeids-plass* ("mahali pa kazi").

Pana jambo moja zaidi ambalo huwashangaza wageni. Katika Kinorwei konsonanti mbili zinazofanana huonyesha kwamba irabu iliyotangulia ni fupi: *tak* ni paa, *takk* ni ahsante. Sasa, tukiunganisha *natt*, "usiku", na *tog*, "treni", tunapata t tatu mfululizo. Tahajia ya Kinorwei hairuhusu konsonanti tatu zinazofanana, kwa hiyo moja huondolewa na neno huandikwa *nattog*. Lakini neno hilo likikatwa mwishoni mwa mstari, ile t iliyofichwa hurudi: *natt-tog*. Ndivyo ilivyo kwa *busstasjon*, "kituo cha mabasi", ambalo hukatwa *buss-stasjon*, na kwa *trafikkork*, "msongamano wa magari" (kwa asili "kizibo cha magari"), ambalo hukatwa *trafikk-kork*. Neno linapofumuliwa, kila kiungo hurudishiwa mali yake kamili.

NAFASI MOJA INAPOHARIBU MAANA

Katika usemi Mnorwei hakosei. Neno ambatani huwa na mkazo mkuu mmoja, kwa kawaida katika kiungo cha kwanza, na sikio hujua mara moja kwamba ni neno moja. Katika maandishi mkazo haupo. Kazi yake hufanywa na kuunganisha, na kosa la kutenganisha ni kama kumfanya msemaji aweke mkazo mahali pasipostahili.

Mifano ambayo walimu wa Norwei hupenda kuitumia huchekesha, lakini ina uzito wake. *Røykfritt* ni tangazo la kukataza kuvuta sigara: "pasipo moshi". Likiandikwa *røyk fritt*, huwa amri: "vuta sigara bila kizuizi". Katazo limegeuka ruhusa kwa sababu ya nafasi moja. *Lammelår* ni paja la mwana-kondoo, chakula cha heshima. *Lamme lår* ni mapaja yaliyopooza. *Stekt kyllinglever* ni ini la kuku lililokaangwa. *Stekt kylling lever* ni habari kwamba kuku aliyekaangwa yu hai.

Makosa ya namna hii mara nyingi hulaumiwa juu ya mvuto wa Kiingereza, ambacho huandika maneno mengi ya aina hii yakiwa yametengana. Sisi tunaona kwamba kicheko kisitusahaulishe jambo la msingi. Bango la ukutani, lebo ya dawa na kifungu cha sheria haviwezi kumwuliza aliyeviandika alikusudia nini. Vikikosea, atakayeumia ni msomaji.

Pamoja na hayo, kanuni ya kuunganisha imewafaa Wanorwei katika kuunda istilahi za mambo mapya. Kompyuta ni *datamaskin*, programu zake *programvare*, kifaa cha kusomea mtandao *nettleser*. Kila mtoto aliyejua *nett*, "wavu, mtandao", na *leser*, "msomaji", alilielewa neno la tatu siku alipoliona. Pale inapobidi kuunganisha kifupisho, kistari hutumika: *FN-pakten* ni Mkataba wa Umoja wa Mataifa, kwa kuwa FN ni kifupisho cha jina la umoja huo.

FUNZO KWETU

Kiswahili si Kinorwei, wala hatupendekezi kuiga kanuni za watu. Muundo wetu ni kinyume cha wao: kichwa cha nomino zetu nyingi hutangulia. Katika *mwanasheria* kichwa ni *mwana*, na ndicho kinachobeba wingi, *wanasheria*. Na kuna maneno ambayo viungo vyote viwili hubadilika: *mwanamke, wanawake*, *mjamzito, wajawazito*. Neno hili la mwisho linatosha kuonyesha kwamba hata kwetu nafasi ina maana, kwani *mja mzito* kwa maneno mawili yaweza kuwa mja yeyote mwenye uzito.

Silabi zetu pia ni tofauti. Ni silabi wazi, na kwa hiyo *wanafunzi* hugawanywa wa-na-fu-nzi. Anayechukua kanuni ya Kinorwei ya konsonanti moja ataandika *wanafun-zi*, na atakuwa ameivunja silabi ya Kiswahili. Lakini silabi peke yake haitoshi. *Mwa-nasheria* ni mgawanyo halali kwa silabi, ila humchelewesha msomaji, *mwana-sheria* humsaidia. Hata ile herufi inayojificha tunayo. *Mwanadamu* ni *mwana* na *Adamu*. Irabu moja imemezwa pale viungo vilipokutana, kama t ya *nattog*.

Tulinganishe, kwa kumalizia, kifaa kimoja. Wanorwei hukiita *høyttaler*, "kisemacho kwa sauti ya juu". Sisi hukiita *kipazasauti*. Kila lugha imetumia mali yake, na kila moja imepata neno ambalo msemaji hulielewa bila kamusi. La kwao hukatwa *høyt-taler*. La kwetu linafaa kukatwa *kipaza-sauti*. Lakini mara ngapi tumeliona la kwetu likiandikwa kwa maneno mawili katika ukurasa mmoja na kwa neno moja katika ukurasa unaofuata?

HITIMISHO

Tumeona kwamba Wanorwei, baada ya karne kadhaa za kuandika kwa lugha ya wengine, hawakuyadharau mambo madogo. Walibishana juu ya -s- moja katika jina la lugha, wakaagiza mpangilio wa tarakimu, wakaamua t ya tatu iende wapi. Si kila uamuzi ulipokelewa vizuri, na baadhi haukutiiwa nyumbani. Lakini mwalimu, mfasiri na mpiga chapa walikuwa na mahali pa kuuliza.

Kwa hiyo tunatoa pendekezo moja la kutenda. Kila orodha ya istilahi inapotolewa, kila nomino ambatani iliyomo ifuatane na mambo matatu: kama huandikwa kwa neno moja au maneno mawili, wingi wake ni upi, na kama hubadilika kiungo kimoja au vyote, na mahali pa kulikata linapofika mwisho wa mstari. Kazi hiyo haitaongeza zaidi ya mstari mmoja kwa kila neno. Tusipoifanya sisi wenyewe katika kikao, itafanywa na mtu mwingine usiku, mbele ya mashine ya kupigia chapa, akiwa na haraka.